Nimeuza vipodozi Kariakoo miaka minne. Niulizeni

Binti Kaunta:

Jana nilipita Kariakoo kwa shughuli zangu, nikakata kona nyuma ya Msimbazi, na kabla sijaliona lile duka nikalisikia puani. Losheni ya kakao, spiriti, udi wa jirani, plastiki ya maboksi yaliyotoka kwenye kontena. Harufu hiyo niliivuta tangu Machi 2019 hadi katikati ya 2023, saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku, siku sita kwa wiki, na saba Idi ikikaribia. Nimeona nikae niandike, maana hakuna mwezi unaopita bila binamu au jirani kuniomba nimtafutie nafasi. "Kazi ya vipodozi si ngumu, unakaa kivulini unanukia."

Kunukia ni kweli. Kukaa sahau. Stuli ilikuwa moja, ya tajiri. Sisi wauzaji watatu tulisimama, kwa sababu eti mteja akimkuta muuzaji amekaa anaona duka limelala. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikifika nyumbani Mbagala naweka miguu juu ya ukuta kama mtu aliyeanguka kutoka kwenye mnazi.

Nilianza na 120,000 kwa mwezi na 3,000 ya chakula kila siku. Kinachomweka muuzaji hai pale ni cha juu. Kwa wasioijua Kariakoo: tajiri anakupa bei yake, tuseme losheni ni 8,000. Ukimuuzia mteja 10,000, ile 2,000 ni yako. Winga, yaani dalali wa mtaani, akimleta mteja kutoka barabarani, naye anapandisha, kwa hiyo mteja analipa 12,000 na watu wawili wamekula hapo katikati. Mteja mwenye lafudhi ya mkoani au mgeni wa Zambia au Kongo anayetaka mzigo wa jumla, mawinga wanamgombania kama daladala za zamani. Siku nzuri nililala na 15,000 mfukoni. Siku mbaya nilikopa nauli kwa mama ntilie. Mei 2023 Kariakoo ilipofunga maduka kwenye ule mgomo wa kodi, mshahara haukuguswa lakini cha juu kilikuwa sifuri, na ndipo nilipojua mshahara wangu ulikuwa mdogo kiasi gani.

Sasa hapo kwenye cha juu ndipo kazi inapokuwa nyingine kabisa. Muuza sufuria hana haja ya kujua unapika nini. Sisi mteja anakuja na uso. Anavua miwani, anashusha mtandio, anakuonyesha mabaka, chunusi, weusi wa shingoni baada ya kujifungua, halafu anakuuliza, "Dada, hii inatokana na nini?" Nina cheti cha kidato cha nne. Naulizwa kama daktari, nalipwa kama kibarua, na kopo lenye cha juu kikubwa kuliko yote ndilo ambalo nisingempa mdogo wangu.

Hilo kopo nitalisema. Ngoja niwahi daladala.

Mpita Njia:

Nimekaa siti ya mbele na karanga. Ukichelewa kurudi nitaamini tajiri amekukamata.

Binti Kaunta:

Nimerudi. Mkorogo.

Wengi wanadhani mkorogo ni kitu kimoja chenye jina. Kwetu ilikuwa ndoo nyeupe nyuma ya pazia. Ndani yake inaingia losheni ya kawaida kwa wingi, inaongezwa krimu ya kuchubua, inakamuliwa tyubu mbili tatu za dawa ya ngozi, zile ambazo kwa haki yake zinatakiwa zitoke famasi kwa cheti cha daktari, halafu mafuta kidogo ili harufu iwe tamu. Tunapima kwenye makopo yasiyo na lebo. Kopo linauzwa kwa rangi ya mteja: "ya wiki mbili", "ya mwezi", "ya bibi harusi". Hiyo ya bibi harusi ndiyo kali.

Niliikoroga kwa mikono mitupu. Glavu zilikuwepo dukani, tuliziuza.

Kwa nini inauzika hivyo, nilielewa mwaka wa pili. Zile tyubu ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, nyingine ni kali sana kama clobetasol. Wiki ya kwanza uso unatulia, chunusi zinalala, ngozi inang'aa, mteja anakuja kukushukuru na anamleta dada yake. Baada ya miezi, ngozi imekuwa nyembamba. Akiacha siku nne tu, uso unawaka, unawasha, unatoka vipele kuliko vya mwanzo. Anakimbilia wapi? Dukani kwako. Kwake kopo ndilo linaloponya, na kuacha kopo ndio ugonjwa. Nimeuza sabuni, marashi, wanja, rasta, na katika hivyo vyote hakuna kinachomrudisha mteja kwa uhakika ule. Matangazo hatukuyahitaji.

Kulikuwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa mitumba, alikuwa mteja wangu mimi, hakubali kuhudumiwa na mwingine. Siku moja alikuja mtandio umefika puani. Alipoushusha, mashavuni kulikuwa na weusi wa kubluu, kama moshi umeingia chini ya ngozi. Hiyo ni kazi ya hydroquinone, kemikali ya kuchubua, ikitumika muda mrefu, na haitoki kwa kusugua. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, una kingine?"

Nilimpa kingine. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Cha juu siku ile kilikuwa 4,000.

Mzee Mkavu:

Kumbe nyie ndio mliowaharibu dada zetu, sasa mnakuja kutubu mtandaoni ili mpigiwe makofi. Hiyo 4,000 ulinunulia nini?

Binti Kaunta:

Mzee wangu shikamoo. Nililipa umeme na nikabaki na nauli. Sikuja kutubu, na makofi siyahitaji.

Ila nikuambie na upande wa pili, kwa sababu unauliza kama vile muuzaji alikuwa nje ya ndoo. Wiki ya tatu tangu nianze, tajiri aliniita pembeni akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu wewe unajua kuongea, lakini mteja anaangalia uso wako kabla hajaangalia kopo. Jipake pake kidogo." Mimi ni maji ya kunde. Wenzangu wawili walikuwa wameshang'aa, na kweli wateja walikuwa wakiwanyooshea kidole: "Nataka nitoke kama huyu dada." Sisi tulikuwa bango. Na lile duka lina vioo pande tatu, kwa hiyo saa kumi na moja kwa siku unajitazama hata usipotaka, chini ya taa nyeupe zinazoonyesha kila kitundu. Nilikuja pale sina tatizo na sura yangu. Kufikia Ramadhani nilikuwa na orodha.

Usoni sikupaka. Nilijiona mjanja. Lakini mikono ilikuwa kwenye ndoo kila siku, ikaanza kung'aa kuliko uso, halafu vifundo vya vidole vikabaki vyeusi tii. Nilikwenda Lindi msibani, nikawa namenya mihogo na mama. Akanishika mkono, akaugeuza, akauliza, "Hii mikono ya nani?" Wala hakusubiri jibu, akaendelea kumenya.

Mama Pacha:

Pole sana mdogo wangu. Naomba kuuliza, maana nimeletewa krimu na shoga yangu ametoka nayo safari, kopo zuri lina maandishi ya Kiarabu na Kiingereza. Nitajuaje kama ina madhara?

Binti Kaunta:

Mama Pacha, kwanza geuza kopo usome viambato. Kama hakuna viambato kabisa, weka chini. Ukikuta neno lenye "mercur" ndani yake au neno calomel, hiyo ni zebaki, na zebaki haiishii kwenye ngozi, inaharibu figo. Hydroquinone hapa kwetu imepigwa marufuku kwenye vipodozi, zebaki vilevile, na steroidi vilevile. Krimu nyingine haiandiki zebaki, lakini inaandika onyo: usiiache igusane na dhahabu, fedha au vito. Ukiona onyo hilo jua kuna sababu, zebaki inakula dhahabu. Kama haiwezi kukaa na pete, itakaaje na shavu?

Na kwa kuwa una wadogo: zebaki kwenye ngozi yako inafika kwa mtoto, kupitia taulo, kitanda, mikono. Usidhani ni yako peke yako.

Halafu hii ni ya kuchekesha kidogo. Kwenye makopo mengi kuna kichoro cha kikopo kilichofunguliwa mfuniko, kimeandikwa 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Nilikuwa na mteja aliyeshikilia kwamba 12M ni milioni kumi na mbili, bei ya Ulaya, na sisi tunamuuzia 15,000 kwa sababu ni ya wizi.

Dukani Njombe:

Mimi nachukua mzigo Kariakoo kila baada ya wiki sita. Kuna siri moja mtupe: mafuta ya nazi. Nikiyanunua Dar ni maji safi, nikifika Njombe asubuhi yameganda kama mafuta ya ng'ombe. Wateja wangu wanasema nimechanganya.

Binti Kaunta:

Kaka, hiyo simu nimeipokea mara nyingi mno! Njombe, Makete, Mbeya, wote. Mafuta ya nazi yanaganda yenyewe joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar ni maji karibu mwaka mzima, Njombe mwezi wa saba ni jiwe. Mwambie mteja aweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yatarudi. Wewe uogope yale ambayo hayagandi hata Njombe, hayo ndiyo uyaulize yametoka wapi.

Juma wa Rejareja:

Dada, na sisi wanaume tunanunua nini? Usitaje majina.

Binti Kaunta:

Mnanunua "ya mke wangu". Mwanaume anakuja mchana jua kali, anazunguka duka mara mbili, ananong'ona anataka krimu ya mke wake. Namuuliza mke ana ngozi ya mafuta au kavu. Anajishika paji la uso, anasema, "Ya mafuta."

Wengine mnatumwa kweli. Hao nawapenda. Anakuja na kopo tupu limefungwa kwenye gazeti, au picha kwenye simu, na mke yuko hewani anaelekeza: "Mpe simu huyo dada." Hao hawaibiwi, kwa sababu bei mke ameshamwambia.

Kaunta ya Dubois:

Salamu kutoka Nairobi. Niliuza vipodozi Dubois Road miaka miwili, na nikisoma hapa naona ni duka lile lile limevuka mpaka. Sisi tulikuwa tunaambiwa KEBS, wakaguzi wa viwango wa Kenya, wako mtaa wa Tom Mboya, basi dakika tano rafu nzima imebaki mafuta ya mgando na shampuu. Kwenu ilikuwaje?

Binti Kaunta:

Dadangu, vilevile. Nilipoanza walikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Julai 2019 vipodozi vikahamishiwa TBS, shirika la viwango, na tajiri akatukusanya asubuhi kama vile kuna tangazo la mshahara, kumbe anatufundisha jina jipya la kuogopa. Simu ikipigwa kutoka mwanzo wa mtaa, boksi zinapanda ngazi. Kijana wa stoo alikuwa na mabega kama mbeba zege kwa ajili ya siku hizo tu. Mkaguzi akifika anakuta sabuni za watoto na mimi natabasamu.

Kilichoniogopesha mimi zaidi ni shoti. Jioni mnafunga hesabu, mzigo na pesa havilingani, mnagawana hasara wauzaji wote. Wezi wa vipodozi wana akili: wanakuja watatu, mmoja anauliza maswali ishirini kuhusu wigi, mwingine anajaribu lipstiki kwenye kioo, wa tatu hujamwona. Au mteja anakuonyesha meseji ya muamala, ina jina la duka na kila kitu, kumbe ameiandika mwenyewe. Siku moja shoti ilifika 96,000. Mwenzangu alisema ni chuma ulete, akaweka chumvi kwenye droo ya pesa. Tajiri akaweka kamera. Mimi nilikatwa 32,000.

Msoma Sheria:

Hapo uliibiwa mara mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi, na makato hayazidi robo ya mshahara. Sheria hiyo hiyo inasema saa 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ziada inayolipwa mara moja na nusu. Saa zako kumi na moja kwa siku sita ni 66. Mkataba ulikuwa nao?

Binti Kaunta:

Mkataba ulikuwa "njoo kesho asubuhi, vaa nadhifu". NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nilikuja kuisikia kwenye duka la pili. Nikupe na lingine: mwaka 2023 kima cha chini cha sekta ya biashara kilipoanza kuwa 150,000, nilikuwa nalipwa 140,000. Nililisoma agizo hilo kwenye simu, nimesimama, nikiwa kazini. Nikamwonyesha mwenzangu. Akaniambia, "Mwonyeshe tajiri wewe." Hakuna aliyeonyesha.

Mama Pacha:

Sasa uko wapi? Na ile krimu nimeitupa, lile onyo la dhahabu lipo!

Binti Kaunta:

Afadhali Mama Pacha, na usimpe mtu mwingine.

Niko duka jingine, la bei za kubandikwa. Hakuna winga, hakuna cha juu, kuna tageti. Mshahara ni mara mbili ya ule, likizo napewa, na stuli pia. Lakini nalazimika kuja nimejiremba uso mzima kila siku kwa bidhaa za duka, na nikipata chunusi naambiwa niipake zaidi. Bado ni bango, ila sasa la mkataba.

Tofauti naiona kwenye mdomo wangu. Zamani nilikuwa siwezi kusema "hii haikufai", kwa sababu nilikuwa najinyang'anya chakula. Mwezi wa pili hapa nilipo alikuja mama amembeba mtoto mwenye ualbino, anatafuta krimu ya jua. Tulizonazo bei yake ingemmaliza. Nilikuwa nimesikia kwa mteja wetu wa Moshi kwamba kule hospitali ya KCMC wanatengeneza krimu ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, inaitwa Kilisun, na inagawiwa bure kupitia kliniki. Nikamwelekeza aulizie huko, nikamuuzia kofia pana ya 10,000 badala ya kopo. Meneja alininunia hadi jioni. Wiki iliyofuata mama akarudi na dada zake wawili kununua sabuni, nami sikumkumbusha meneja, nilimwacha ahesabu mwenyewe.

Mzee Mkavu:

Marahaba mwanangu. Lile swali langu lilikuwa kali. Na yule mama wa mitumba?

Binti Kaunta:

Sijui, mzee. Nilipoondoka nilimwachia mwenzangu namba yangu ampe. Simu haijaja. Jana nilipopita pale nilitupa jicho ndani kama yupo kwenye foleni. Foleni ilikuwepo.

Nywele Fupi:

Samahani kuvuruga uzi. Nina sendoff wiki mbili zijazo, fondesheni zote nikipaka natoka kijivu kama nimemwagiwa majivu. Mimi ni mweusi hasa. Nifanyeje?

Binti Kaunta:

Hujavuruga kitu, hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Ukijivu unatokana na mambo mawili. Ama umechukua rangi nyeupe kuliko yako kwa sababu muuzaji alitaka utoke "mweupe kidogo", ama rangi ni sahihi kwa weusi lakini imekosa joto. Ngozi nyeusi nyingi zina wekundu au unjano chini yake, na fondesheni isiyo na hiyo inakaa juu kama vumbi. Omba zenye joto, jaribu mbili tatu kwa pamoja. Usijaribu nyuma ya kiganja, mkono si uso, mimi nina ushahidi. Paka mistari kwenye taya, kuelekea shingoni. Halafu, na hili muuzaji hatalipenda, toka nje ya duka. Zile taa nyeupe zinadanganya. Simama kwenye mwanga wa mchana, kaa dakika kumi na tano, kwa sababu fondesheni nyingi zinageuka rangi zikikutana na mafuta ya uso. Mstari utakaopotea ndio wako.

Kama poda yako ni ile nyeupe ya unga, iache nyumbani siku ya picha. Kamera ikimulika utaonekana umepigwa chokaa.

Njoo kati ya Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, kabla duka halijajaa, na uso uliooshwa bila kupakwa kitu. Jumamosi usije, nakuwa nimechoka na nitakuuzia chochote.